Mlimani kabla ya ankara

Nilipofika Mlimani mwaka 1989, nikitokea Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimechakaa. Mabomba ya mabweni yalikauka mchana kutwa, na wasichana tulishuka na ndoo alfajiri kabla foleni haijajaa. Maktabani, majarida mengi ya nje yalikuwa yamekatika tangu nchi ilipoishiwa fedha za kigeni mwanzoni mwa miaka ya themanini. Ukivuta mfululizo wa jarida rafuni ulikuta toleo la mwisho ni la zamani, na baada yake nafasi tupu. Kitabu kimoja cha kozi kilisomwa kwa zamu na darasa zima, saa mbilimbili, humohumo ndani. Kafeteria ilitoa ugali na maharage, wali na maharage, na siku njema nyama. Lakini hakuna aliyeniuliza nina shilingi ngapi. Serikali ililipa ada, kitanda, chakula na nauli ya kurudi nyumbani, na juu ya hayo ikatupa fedha za vitabu na matumizi, zile tulizoziita bumu.

Chuo kizima tulikuwa kama elfu tatu tu, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 1988 ilikuwa imehesabu watu milioni 23. Kila mmoja wetu alijua nani amemlipia. Mwalimu Nyerere, Rais wa kwanza, alikuwa amelisema jambo hilo tangu miaka ya sitini: msomi ni kama mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kukileta chakula kingine, na asiporudi ni msaliti. Maneno hayo tuliyasikia shuleni hadi yakatuchosha. Lakini yalikaa. Ukiwa maktabani usiku unasoma juu ya bei ya pamba katika soko la dunia, ulijua kwamba pamba yenyewe ya Shinyanga ndiyo iliyowasha taa ya juu ya meza yako. Deni hilo halikuwa na namba ya akaunti wala riba, na kwa sababu hiyo halikuwa na namna ya kulilipa ila kwa kazi na kwa kusema kweli.

Historia ya mlima ule tuliipokea kwa mdomo kabla hatujaisoma popote. Dada mmoja wa mwaka wa tatu, wa chumba cha jirani, ndiye aliyenisimulia. Chuo kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikahamia mlimani mwaka 1964, na Julai 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na JKT. Mamia wakafukuzwa, na siku hiyohiyo Mwalimu akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, lililotangaza ujamaa. Walter Rodney, Mguyana, alifundisha historia pale hadi mwaka 1974, na kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitolewa mwaka 1972 na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London. Wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliunda chama chao cha kimapinduzi, USARF, mwaka 1967, na Yoweri Museveni akawa mwenyekiti wake. Mwaka 1969 wakaanzisha jarida la *Cheche*.

Dada yule alikuwa na nakala ya makala ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya Tanzania, iliyotoka katika *Cheche* mwaka 1970. Ilikuwa ya saiklostaili, karatasi zimeanza kukatika kwenye mikunjo. Alinipa usiku mmoja, akasema, "Mdogo wangu, soma, kesho nirudishie, kuna mwingine anangoja." Nilisoma kwa shida, kwa sababu Kiingereza cha nadharia kilikuwa kigumu kwangu, lakini hoja niliishika. Benki na viwanda vimetaifishwa, sawa. Sasa nani anaviamulia? Mikataba ya uendeshaji iko na makampuni yaleyale ya nje, na warasimu wetu wameketi nayo meza moja. Mfanyakazi je? Mwaka huohuo serikali iliipiga marufuku *Cheche* pamoja na USARF, kwa maelezo kwamba jina la jarida lilifuata lile la gazeti la Lenin na kwamba Tanzania ina itikadi yake yenyewe. Miaka ishirini baadaye sisi tulikuwa bado tunaazimana nakala zile. Msomaji asije akadhani kwamba ninausifu utawala wa chama kimoja. Ulifunga midomo, na kumbukumbu ya midomo iliyofungwa ilikuwa sehemu ya masomo yetu.

Masomo yenyewe yalikuwa na kitu ambacho nimekuja kukithamini zaidi kadiri ninavyozeeka. Kila mwanafunzi, awe wa uhandisi, wa sheria au wa udaktari, alilazimika kusoma somo la maendeleo, tuliloliita DS, chini ya Taasisi ya Taaluma za Maendeleo iliyoanzishwa mwaka 1973. Wahandisi walilalamika sana. Walisema wamekuja kujifunza madaraja na mashine, nadharia za Fanon na Cabral za nini? Katika semina, mwalimu aliwaacha wamalize, kisha akawauliza daraja litajengwa wapi, nani ameamua lijengwe hapo, na mkopo wake utalipwa na nani. Hapo darasa lilichemka. Nimeona mhandisi wa mwaka wa kwanza, kijana wa Mtwara asiyependa kabisa siasa, akisimama kueleza kwa nini barabara ya kusini haijajengwa tangu uhuru, na akaeleza vizuri kuliko kitabu. Nadharia ya jamii ilipita pale kutoka kwenye karatasi ikaingia kwenye maisha ya mtu. Hiyo ndiyo sababu ya kuifundisha kwa wote, hata kwa wasiotaka.

Jioni kulikuwa na Ukumbi wa Nkrumah. Ukumbi ule ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Walimu walipingana mbele yetu bila kuogopa kwamba heshima yao itapungua, na mwanafunzi aliyenyoosha mkono alipewa nafasi. Mara nyingi mjadala ulianza kwa Kiingereza, ukipamba moto ukahamia Kiswahili, na ulipohamia Kiswahili wafanyakazi wa jikoni na walinzi walisogea mlangoni. Nakumbuka jioni moja mzee mmoja wa jikoni aliomba kusema. Mwenyekiti akasita kidogo, kisha akamkaribisha: "Karibu, mzee." Akasema kwamba wasomi wanabishana kuhusu tabaka la wafanyakazi tangu saa kumi na moja, na yeye ambaye ndiye tabaka lenyewe amesimama nje. Ukumbi ukamshangilia, na alizungumza kwa muda mrefu kuhusu mshahara wake. Profesa aliyekuwa jukwaani aliandika alichosema.

Wakati huo mada ilikuwa moja tu, kwa majina mengi: soko. Serikali ilikuwa imetia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 1986, shilingi ikazidi kushuka thamani, biashara ikazidi kufunguliwa, ruzuku zikapunguzwa. Mwinyi, Mzee Ruksa, alikuwa Rais. Wachumi wa Mlimani wenyewe walikuwa wamegawanyika. Wapo waliosema mashirika ya umma yamekula nchi na hakuna njia ila kulegeza. Wapo waliosema dawa hii itamuua mgonjwa. Nami nilikuwa na mama yangu nyumbani, aliyepanga foleni ya sabuni mwaka 1983 hadi akazimia. Nilipomweleza likizoni kwamba chuoni tunapinga marekebisho ya IMF, alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Mwanangu, ninyi pingeni. Mimi sasa nafua." Hakuwa na nadharia, lakini alikuwa na hoja, na sijawahi kuandika neno lolote kuhusu soko bila kuikumbuka. Maduka yalijaa kweli. Mitumba ilivalisha watu waliokuwa wanatembea na viraka. Nilichokuja kukipinga mimi ni pale soko lilipotoka dukani likaingia darasani, hospitalini na katika namna tunavyoamuliana mambo.

Kuna jambo jingine la mlima ule ambalo wanaume wanaoandika kumbukumbu zao hulipita haraka. Wanawake tulikuwa wachache, chini ya robo ya wanafunzi. Na palikuwa na Punch. Punch lilikuwa kundi la siri lililobandika ukutani michoro na maandishi ya kudhalilisha watu, hasa wasichana. Aliyechorwa alitengwa, na aliyezungumza naye alijua kwamba zamu yake inakuja. Februari 1990 mwanafunzi mwenzetu alijiua baada ya kuandamwa hivyo. Punch ikapigwa marufuku. Wiki zile, wanawake, walimu kwa wanafunzi, tulikaa vikao ambavyo sijaona mfano wake hadi leo. Marjorie Mbilinyi na Ruth Meena walikuwa wakifundisha na kuandika Mlimani juu ya wanawake, na maandishi yao yalianza kupita mikononi mwetu. Tulijiuliza swali ambalo USARF haikujiuliza vya kutosha: ukumbi ulio wazi kwa kila mtu uko wazi kwa nani hasa, ikiwa nusu ya binadamu wanaogopa kupita ukutani? Demokrasia niliyoijua Mlimani ilikuwa na kasoro hiyo kubwa, na kasoro hiyo ilisemwa hadharani, palepale, na watu wa palepale.

Mwaka huo wa 1990 mambo yalikwenda kasi. Februari, Mwalimu Nyerere, akiwa bado mwenyekiti wa chama tawala, CCM, alisema kuzungumzia vyama vingi si uhaini. Aprili, vyama vya wanataaluma wa vyuo vya elimu ya juu nchini vilipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu Uhuru wa Taaluma na Wajibu wa Wanataaluma kwa Jamii. Tulilisoma kwa pamoja katika bweni, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akitafsiri. Kilichotugusa ni kwamba uhuru na wajibu viliwekwa pamoja. Mwanataaluma ana haki ya kutafuta na kusema ukweli, na hapohapo anadaiwa na jamii. Novemba ya mwaka huo wasomi wa Afrika walikutana Kampala wakapitisha azimio lao la aina hiyo, lakini kufikia Novemba sisi hatukuwa tena Mlimani.

Wanafunzi tulikuwa tumegoma kuingia darasani. Madai yalihusu hali ya chuo na fedha za elimu, na tulitaka Rais, aliyekuwa Mkuu wa Chuo, aje tuzungumze. Mei 12 chuo kikafungwa. Tuliamriwa tuondoke, tukafunga mabegi, tukasambaa nchi nzima, na hatukurudi hadi Januari 1991. Miezi ile nyumbani ilikuwa mirefu. Baba hakuniuliza kitu kwa wiki nzima, kisha jioni moja akauliza, "Mligombania nini?" Nikamweleza. Akauliza tena kama tulikuwa tumewauliza wakulima kabla ya kugoma. Sikuwa na jibu zuri, na sikujua kwamba mwaka uliofuata ningewaona watu wakiulizwa kweli.

Mapema mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda Tume ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi, Issa Shivji, mwalimu wa sheria wa Mlimani, akiwa mwenyekiti. Tume ile ilizunguka karibu wilaya zote za Tanzania Bara, ikafanya zaidi ya mikutano 270 iliyohudhuriwa na watu zaidi ya 80,000. Nilikuwa likizoni ilipofika kwetu, Mkoa wa Arusha wa wakati ule. Mkutano ulifanyika chini ya miti, na watu walikuja kwa miguu tangu usiku. Mmoja mmoja walisimama. Huyu alihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji katikati ya miaka ya sabini, akapewa shamba la mwingine, na sasa mwenyewe amerudi na kesi iko mahakamani. Yule analalamika kwamba malisho yamegawiwa kwa mtu wa mjini na hakuna aliyeitisha mkutano wa kijiji. Wafugaji wa Kibarbaig walieleza ardhi yao ya Hanang iliyoingia kwenye mashamba ya ngano ya shirika la umma. Mjane mmoja alizungumza hadi akalia, na wajumbe walimngoja hadi akamaliza. Kila neno liliandikwa.

Nilisimama pale nikiwa na daftari langu la DS kichwani. Nilikuwa nimefundishwa maneno makubwa ya kueleza uhusiano wa dola na mkulima. Watu wale waliyaeleza bila maneno hayo, na walikuwa na kitu cha ziada ambacho semina zetu hazikuwa nacho: walipendekeza. Walitaka ardhi isiamuliwe na ofisa mmoja aliye mbali. Walitaka mkutano mkuu wa kijiji uwe na kauli ya mwisho. Tume ilipowasilisha ripoti yake mwaka 1992, mapendekezo yake makuu yalifuata njia hiyo: mamlaka ya mwisho juu ya ardhi yaondolewe kwa Rais na serikali kuu, vijiji vipewe ardhi yao, na vyombo vya kuamua migogoro viwe na wazee wa mahali. Hilo ndilo tukio la maisha yangu ambapo niliona kwa macho nadharia, elimu na demokrasia vikikutana katika sehemu moja. Msomi alikwenda kusikiliza, watu wakasema kwa lugha yao, na waliyoyasema yakawa hoja ya kitaifa.

Serikali haikuyakubali mapendekezo makuu. Sera ya Ardhi ya mwaka 1995 na sheria mbili za mwaka 1999 ziliacha ardhi yote mikononi mwa Rais kama mdhamini. Wakati huo ulimwengu ulikuwa unazungumza lugha ya wawekezaji, na kijiji chenye kauli ya mwisho kilionekana kikwazo.

Mageuzi ya vyama yalikwenda sambamba. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikusanya maoni ya nchi. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, lakini tume ilipendekeza vyama vingi, na kuanzia Julai 1992 sheria ikaruhusu. Mlimani tulifurahi. Miongoni mwa waliodai mageuzi walikuwamo walimu wetu. Magazeti huru yaliongezeka. *Rai* lilipoanza mwaka 1993 lilisomwa kwa sauti kwenye vijiwe, na mabishano ambayo zamani yalikuwa ya Nkrumah yalisikika Kariakoo na Manzese. Kwa muda tuliamini kwamba ukumbi wetu umepanuka ukawa nchi nzima.

Katika mwaka huohuo wa 1992 ilianza sera ya kuchangia gharama za elimu ya juu. Ilikuja kwa awamu, kwanza vitu vidogo kama nauli na fomu za maombi, kisha chakula na malazi. Kafeteria baadaye ikakabidhiwa watoa huduma binafsi. Wakaja wanafunzi wa kujilipia. Mwaka 2004 ikatungwa sheria ya Bodi ya Mikopo, nayo ikaanza kazi mwaka uliofuata. Nilikuwa nimeshahitimu wakati mengi ya hayo yakitokea, lakini wadogo zangu wawili walipita humo, na tofauti niliiona mezani nyumbani. Mdogo wangu wa mwisho alipokuja likizo alikuwa na karatasi ya hesabu: ada, bweni, chakula, asilimia ya mkopo aliyopewa. Nilimuuliza wanabishana nini chuoni. Akasema, "Dada, nani ana muda?" Alikuwa anauza vocha za simu jioni ili ale. Hakuwa mvivu wala mjinga, na alikuwa na akili kuliko mimi. Ila saa ambazo mimi nilizitumia Nkrumah, yeye alizitumia kutafuta chakula, na alichosoma alikichagua kwa kuangalia kitakachomrudishia gharama.

Walimu nao walisukumwa huko. Mishahara ilikuwa imeporomoka tangu miaka ya themanini, na kila mtu Mlimani alijua profesa anayefuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Kisha wakaja wafadhili na ushauri elekezi. Nimefanya kazi hiyo kama mtafiti msaidizi, kwa hiyo naijua ndani. Mteja analeta hadidu za rejea. Swali limeshaandikwa, na mara nyingi jibu pia linajulikana. Unakwenda kijijini na dodoso, unakaa siku chache, watu wanakueleza mambo ya maisha yao kwa ukarimu uleule niliouona chini ya ile miti. Unarudi mjini, unaandika, unalipwa. Ripoti ni mali ya mteja. Katika moja ya kazi hizo, wanakijiji walitueleza kwa kina jinsi mradi ulivyokausha mfereji wao, na maelezo hayo hayakuingia kwenye toleo la mwisho kwa sababu yalikuwa nje ya hadidu. Hayakuchapishwa kokote. Waliotoa ushahidi hawajui hadi leo ulikwenda wapi.

Hapo ndipo ninapouona msiba wa zama hizi. Dola la chama kimoja lilipofunga jarida au chuo, tulijua nani amefunga, tukanong'ona, tukaazimana nakala, tukamngojea. Soko halifungi mlango wowote. Linamlipa mwalimu kwa ripoti isiyosomwa na umma kuliko kwa mhadhara unaosikilizwa na watu mia tano. Linamfanya mwanafunzi mteja, na mteja haulizi kwa nini duka limejengwa pale. Tulipata haki ya kuchagua kati ya vyama kila baada ya miaka mitano, na katika miaka ileile tukapoteza mahali pa kujifunzia namna ya kuamua. Kura bila mjadala inageuka bidhaa pia, na tumeona fulana, kofia na kilo za sukari zikifanya kazi ambayo hoja zilipaswa kuifanya.

Jirani zetu waliyaona mapema. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kupokea wanafunzi wa kulipia mwanzoni mwa miaka ya tisini, na haikuchukua muda wakawazidi wale wa serikali. Mahmood Mamdani, ambaye alifundisha Mlimani miaka ya sabini, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, kilichotoka mwaka 2007, akionyesha namna idara zilivyobuni kozi za kuuzika na kunyang'anyana wanafunzi wenye fedha, utafiti ukinyauka. Kwetu aliyelisema kwa ukali zaidi, na kwa Kiswahili, ni Seithy Chachage. Alikuwa profesa wa sosholojia Mlimani na mwandishi wa riwaya. Mwaka 2002 alitoa *Makuadi wa Soko Huria*, na watu ambao wasingegusa kitabu cha sosholojia waliisoma. Nilimsikiliza akizungumza mara kadhaa. Hakuwa mtu wa kuremba. Alifariki mwaka 2006, bado kijana kwa umri wa profesa. Mwaka huohuo kituo kikubwa cha maduka kilifunguliwa kwenye ardhi ya chuo kando ya Barabara ya Sam Nujoma. Sina ugomvi na maduka, nami hununua humo. Lakini ninapopita pale jioni na kuona umati, nafikiria ukumbi ulio juu ya mlima, na kiasi cha watu waliomo.

Umekuwapo upinzani. Mwaka 2008 Chuo kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, Shivji akiwa wa kwanza kukikalia, na tamasha la kwanza la mwaka 2009 lilimleta mwandishi Wole Soyinka. Nilikwenda. Nkrumah ilijaa tena, wazee wa zamani na vijana wasiojua *Cheche* ni nini, na mijadala ilikuwa moto. Wakulima walialikwa wakapanda jukwaani. Kijana mmoja aliyekaa karibu nami, mwanafunzi wa biashara, aliniambia kwamba hakujua chuo chake kinaweza kufanya hivi. Nilimwambia kilikuwa kinafanya hivi kila wiki. Alinitazama kana kwamba namdanganya.

Sisemi turudi mwaka 1989. Elfu tatu walikuwa wachache mno, na leo wapo makumi ya maelfu, wakiwamo wasichana wengi, watoto wa watu ambao zamani mlima ule usingewapokea. Hilo ni jema, nami ningelipigania. Lakini idadi haikulazimisha ankara. Zipo nchi zilizopanua vyuo na bado zikavilipia kwa kodi. Uamuzi wa kumtoza mwanafunzi na kumwachia mwalimu ajitafutie ulifanywa na watu, na unaweza kubadilishwa na watu. Somo la maendeleo kwa kila mwanafunzi lilindwe, lifundishwe kwa Kiswahili ili mjadala usiishie mlangoni. Utafiti wowote uliotokana na maneno ya wananchi uchapishwe na urudishwe kijijini kwao, bila kujali umelipiwa na nani. Na walimu walipwe vya kutosha ili jioni yao moja kwa wiki iwe ya umma.

Nawe unayesoma haya ukiwa na mtoto chuoni, najua unamuuliza atapata kazi gani, na una haki ya kuuliza. Muulize pia wiki hii amebishana na nani, kuhusu nini, na kama mwalimu wake alikuwapo.